Deni na Muda: Mauti ya Nafsi katika Tenzi za Pwani na Kauli za Maziko Mishomoroni

Utangulizi

Wahakiki wengi wa ushairi wa Pwani wamezoea kusema kwamba Mswahili, anapokitazama kifo chake mwenyewe, hukitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kusalimu amri. Ushahidi wao hautafutwi mbali. Methali husema kwamba ajali haina kinga. Mawaidha ya misikitini hukumbusha kwamba hapana nafsi itakayosalimika na mauti. Na tenzi za kale zimejaa makaburi, wadudu na majumba yaliyobomoka. Kutokana na hayo hufikiwa uamuzi kwamba fasihi hii ni fasihi ya kuipa dunia kisogo, na kwamba ndani yake mtu mmoja hana nafasi ya kuogopa kufa kwake yeye mwenyewe.

Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo umechukua nusu ya habari na kuiacha nusu. Hofu ya kufa imo katika fasihi ya Pwani, tena imo kwa wingi. Ila haikuelekezwa kwenye kufa kwenyewe, bali kwenye kufa na haki za watu shingoni. Zaidi ya hayo, hofu hiyo hufanya kazi ya pili ambayo haijatazamwa vya kutosha: humpa mtu sababu ya kuomba muda. Anayedaiwa hana ruhusa ya kuondoka kabla ya kulipa. Kwa hiyo lugha ya deni, ambayo kwa nje ni lugha ya utiifu, kwa ndani ni lugha ya mtu anayetaka kuishi.

Hoja hii itapimwa kwanza kwa matini mbili za kale, Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Kisha kwa kauli zinazosikika katika maziko ya Mishomoroni. Na mwisho kwa riwaya ya Kichwamaji, ambayo inaipinga. Mishomoroni imechaguliwa kwa sababu maalumu. Mtaa huu wa Kisauni, upande wa kaskazini wa bara ya Mombasa, hufikiwa kutoka kisiwani kwa daraja la Nyali, lile lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa daraja la kuelea lililotumika tangu 1931. Humo Waswahili, Wamijikenda na watu waliotoka bara ya mbali huishi ukuta kwa ukuta. Msiba wa mmoja husikiwa na wote, na desturi za kuutamka msiba huo si moja. Mahali kama hapa nadharia ya kwamba “Mwafrika hukiona kifo hivi” haidumu hata kwa siku moja ya matanga.

Moyo unaodaiwa

Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ndiyo matini inayotajwa kwanza kila unapozungumzwa ushairi wa kifo. Toleo la William Hichens la mwaka 1939 na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977 yameifikisha kwa wasomaji wengi, na tangu hapo sehemu moja yake imekuwa maarufu kuliko nyingine zote. Hiyo ni ile inayoyaeleza majumba ya matajiri wa Pate: taa zilizokuwa ziking'aa, vyombo vya thamani vilivyopangwa katika zidaka, kisha kimya, popo, na mimea iliyoota palipokuwa na watu. Wenye majumba hayo sasa wamelala mahali pembamba, pasipo zulia wala godoro.

Kwa kuwa sehemu hiyo ni nzuri mno, imewafanya wahakiki waisome kazi nzima kama maombolezo ya mji uliokufa. Lakini yafaa itazamwe ni nani anayesemeshwa. Mtunzi hausemeshi mji, wala hawasemeshi wafu. Anausemesha moyo wake. Beti zile za mishororo minne zinauhoji moyo kama mtu anavyomhoji mwenzake aliyekaidi: una nini hata usisikie, na umepewa nini hata uidhanie dunia kuwa ni yako? Uhai unafananishwa na taa iliyowekwa penye upepo, na dunia na bahari iliyochafuka ambayo anayeisafiria hula hasara. Neno hilo la hasara lisipitwe upesi. Pate ulikuwa mji wa biashara ya bahari, na mtunzi alipotaka kuiambia nafsi yake kwamba itakufa, aliiambia kwa lugha ya mfanyabiashara: hesabu yako haijakaa sawa.

Hesabu hiyo hufunguliwa wazi katika beti zinazoeleza siku ya kiyama. Humo aliyedhulumiwa humleta aliyemdhulumu mbele ya Hakimu asiyehongeka, na haki hutolewa. Fedha na dhahabu hazipokelewi huko. Mdhalimu hulipa kwa thawabu zake, na akiishiwa na thawabu hutwikwa dhambi za yule aliyemdhulumu. Hapa ndipo penye kitovu cha kazi hii. Majumba yaliyobomoka yanaonyesha kwamba mali haimzuilii mtu kufa. Beti za madai zinaonyesha jambo zito zaidi, kwamba kufa hakumzuilii mtu kudaiwa. Msomaji anayesoma magofu na kuyapita madai atatoka na huzuni tu. Akiyasoma yote mawili atatoka na wasiwasi, na wasiwasi ndio mtunzi aliokusudia, kwa maana mtu mwenye huzuni hukaa, bali mwenye wasiwasi husimama akaenda kumtafuta anayemdai.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba Al-Inkishafi nayo ina deni lake. Inawataja wadhulumiwa kwa jumla, lakini haiwapi sauti wale waliobeba mawe na maji ya majumba yale. Mtunzi anayajua makazi ya matajiri chumba kwa chumba; ya waliowatumikia hayajui, au hayasemi. Siku ya madai inatajwa, ila mdai hana uso.

Wino, karatasi na maradhi

Miongo michache baadaye, katika visiwa hivyo hivyo, mdai na mdaiwa walipata nyuso. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake mwaka 1858 naye ni mgonjwa, akamwelekea binti yake Mwana Hashima. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Utendi huo umesomwa, na kugombaniwa, kama kitabu cha adabu za mke kwa mumewe. Wako wanaousifu kwa sababu hiyo na wako wanaoulaani kwa sababu hiyo hiyo. Pande zote mbili zinasahau kwamba anayesema ni mtu anayekufa.

Ukisomwa kwa kukumbuka hilo, mpango wake hubadilika. Mama anamwita mwanawe karibu, anataka wino na karatasi, anaeleza jinsi maradhi yalivyomkaa kwa muda mrefu bila ya yeye kumpa mwanawe neno jema. Hilo ndilo deni la kwanza: neno ambalo mzazi alipaswa kulitoa na hakulitoa. Wosia wote unaofuata ni malipo yake. Kisha anasimulia jinsi mumewe alivyofariki akiwa radhi naye, na maana yake ni kwamba hesabu ile imefungwa. Radhi ni stakabadhi. Mswahili huisaka radhi ya mzazi, ya mume, ya mke, ya jirani, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi pekee anayoweza kwenda nayo.

Lakini beti za mwisho zinafanya jambo ambalo wenye kusema kwamba fasihi hii imekata tamaa hawawezi kulieleza. Mwana Kupona, aliyekwisha kulipa neno la mwanawe na aliye na radhi ya mumewe, hasemi kwamba sasa yu tayari. Anaomba dua, na miongoni mwa anayoyaomba ni kuondolewa maradhi. Anawaombea watoto wake na jamaa zake, na anaomba apone. Kama tenzi za Pwani zingekuwa kweli fasihi ya kuipa dunia kisogo, dua hiyo ingekuwa kasoro katika utendi. Siyo kasoro. Deni la mtoto halimaliziki kwa wosia mmoja. Mradi mtoto yupo, mama bado anadaiwa, na mradi anadaiwa, ana sababu ya kumwomba Mola muda. Umbo hili la mzazi kumwachia mtoto utenzi lilidumu hata karne iliyofuata, Shaaban Robert alipomtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati. Hati, kama jina linavyosema, ni karatasi ya makabidhiano.

Kauli mbele ya jeneza

Kutoka kwenye tenzi hadi kwenye kauli za maziko hatua si ndefu, kwa sababu watunzi na wazikaji wamesoma chuo kimoja. Kisa cha Ukasha kinajulikana Pwani kwa njia ya tenzi na mawaidha. Mtume, alipokaribia kufariki, aliwaita watu msikitini akawataka wenye haki kwake wajitokeze. Ukasha akasimama akasema kwamba aliwahi kuguswa na mjeledi wa Mtume, naye anataka kisasi chake. Watu wakafadhaika. Mtume akajifunua mwili apigwe, na Ukasha badala ya kupiga akambusu. Wanazuoni wa hadithi wana mashaka na mapokeo ya kisa hiki, lakini nguvu yake katika fasihi haitegemei hilo. Kinafundisha kwamba hata mbora wa viumbe hakuondoka kabla ya kuuliza nani anamdai.

Mishomoroni swali hilo huulizwa kila mara Mwislamu anapozikwa. Maiti ameoshwa, amevikwa sanda, amewekwa katika jeneza la msikiti. Jeneza hilo si mali ya mtu. Humpeleka huyu likarudi kumngoja mwingine, na kila anayelichukua begani anajua kwamba ndilo hilo litakalomchukua. Kabla au baada ya sala, jamaa mmoja husimama akawaambia waliohudhuria kwamba kama marehemu alikuwa na deni la mtu, mwenye kudai awaendee jamaa. Na kama aliwahi kumkosea yeyote, asamehewe. Kauli hii ni fupi na haina vina wala mizani, wala hakuna aliyeihesabu kuwa fasihi. Hata hivyo ina msemaji, ina hadhira, ina wakati wake na mahali pake, na maneno yake hupokezanwa kwa kusikia. Vigezo vyote vya fasihi simulizi vimo.

Uzito wa kauli hiyo haumwangukii maiti, maana yeye haisikii. Wanaoisikia ni walio hai, na kila mmoja, hapo aliposimama safuni, hujihesabia mwenyewe. Madrasani amefundishwa kwamba Mtume alisita kumsalia maiti mwenye deni mpaka sahaba mmoja alipojitwika deni hilo. Amefundishwa kwamba mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Na mizozo ya mirathi hiyo huishia mbele ya Kadhi, ambaye mamlaka yake yamo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Mwanamke anajua ana siku ngapi za Ramadhani ambazo hajazilipa, na kwamba akifa nazo pengine zitatolewa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kifo kinamjia katika sura ya daftari.

Tazama pia sarufi ya kauli za watu wazima wa mtaa huu. Kwa nadra sana mtu atasema “nitakapokufa.” Atasema “nikifa”, “siku nikiondoka”, “Mungu akinichukua”. Kiambishi -ki- hubeba wakati na sharti kwa pamoja. Msemaji haukani uhakika wa kifo, lakini hauweki wakati wake mkononi mwake. Anauacha mlango wazi kidogo. Na mara nyingi kauli hiyo hutanguliwa na ombi: Mungu anipe umri niwaone wanangu wamesimama, Mungu anijaalie niihiji nyumba yake kwanza, nimalize kuezeka, ndipo. Wote hawa wanasema wana deni. Wote wanaomba muda. Aliyesikia humo uvumilivu peke yake hakusikia vizuri.

Ni kweli kwamba methali husema kifo cha wengi harusi. Lakini methali hiyo inasema habari ya kufa pamoja, na hakuna anayeitumia anapokaa na maradhi yake usiku. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya Korona, serikali iliamuru maziko yahudhuriwe na watu wachache wa karibu tu. Wengi walilalamika kwamba wamenyimwa kuzikana. Kwa hoja ya makala haya, walinyimwa na jambo jingine: kauli ya deni ilitamkwa mbele ya jamaa, ilhali wenye kudai na wenye kusamehe walikuwa majumbani.

Wafu wanaodai

Ukuta wa pili wa Mishomoroni una kauli nyingine. Kwa Wamijikenda, na hasa Wagiriama, deni haliishi kwa kufa, linageuka upande. Koma, yaani mizimu ya wazee waliotangulia, huwajia walio hai ndotoni na kudai: wamesahauliwa, hawajamiminiwa tembo, hawajafanyiwa haki yao. Mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu husimamishiwa kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa kwa umbo la mtu, na aghalabu husimamishwa baada ya ndoto ya namna hiyo au msiba wa mfululizo nyumbani. Nguzo hizo huonekana zaidi katika miji ya Wagiriama huko Kilifi kuliko katika viwanja vidogo vya Mishomoroni; lakini aliyehamia Mishomoroni hakuziacha ndoto zake njiani.

Hapa mtu anayekiwaza kifo chake haogopi kufa na madeni. Anaogopa kufa asidai, yaani kusahauliwa hata asiwe na wa kumjia ndotoni. Kwa hiyo wizi wa vigango, ambao kwa miongo kadhaa umezitoa nguzo hizo makwao na kuziuza hadi kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani, si wizi wa sanaa peke yake. Ni kuifuta hati ya deni. Baadhi ya vigango vimerudishwa Kenya tangu miaka ya 2000, na waliovipigania walisema kwa maneno ya namna hii hii: mzee anadai.

Mwislamu wa Mishomoroni ataikataa imani ya koma, na Mgiriama wa jadi ataiona ajabu haraka ya kumzika mtu siku ile ile. Lakini wanapokaa matangani pamoja, wanaelewana katika neno moja. Kwa wote wawili kifo ni jambo la baina ya watu. Mmoja anaondoka akiwa mdaiwa, mwingine anaondoka akiwa mdai. Hakuna anayeondoka peke yake.

Kazimoto asiyemdai mtu

Riwaya ya Kichwamaji, aliyoichapisha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, inaweka mbele yetu mtu ambaye lugha hii imemvunjikia. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Dada yake Rukia aliharibiwa na Manase, mwana wa jirani aliyepanda cheo, na moyo wa Kazimoto ukageukia kulipiza kisasi kwa njia ya Sabina, dada yake Manase. Lugha yenyewe inatuambia kinachotendeka: kulipiza ni mtoto wa kulipa. Kazimoto anaanza akiwa mtu wa deni kama watu wote wa makala haya, ila deni alilolishika ni lile moja lisilolipika. Hamwamini Hakimu atakayelisikiliza, wala hawaamini wazee ambao wangelisuluhisha. Linapomrudia yeye mwenyewe, katika ndoa yake na katika mtoto wake, hana mlango wa kuombea muda. Anajiua.

Wahakiki wamelisoma tukio hilo kama matokeo ya falsafa za Ulaya alizozisoma mwandishi. Huenda. Lakini mbele ya matini zilizotangulia, linasomeka pia kama jibu kwa tenzi. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2020, hakuwa mtu wa Pwani, na hilo lilimpa uhuru wa kuuliza swali ambalo Pwani haikuliuliza: je, yule asiyemdai mtu wala kudaiwa na mtu anaombaje kuishi? Hilo ndilo pengo la fasihi ya deni. Inamtosha mzazi, mfanyabiashara, mke, jirani. Haimtoshi mtoto mchanga, wala maskini ambaye hakuna atakayesimama kumdai, wala mtu ambaye maumivu ya mwili yamemfanya asahau hesabu zote. Kwa hao ina dua tu. Riwaya ina maneno, lakini haina dua. Wala tenzi wala riwaya haijapata vyote viwili.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba fasihi ya Pwani haikukikubali kifo kwa wepesi unaosingiziwa. Al-Inkishafi inauamsha moyo kwa kuuonyesha wadai wake. Mwana Kupona analipa kisha anaomba apone. Na kauli za Mishomoroni hulitaja deni hadharani ili walio hai waende wakalipe yao mapema. Katika zote, deni ni kamba inayomfunga mtu kwa watu, na mwenye kufungwa hivyo ana haki ya kusema: si leo.

Lakini kamba hiyo inabadilika. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, mkopo wa simu umekuwa jambo la kila siku nchini Kenya. Anayekopa hivyo hana mdai mwenye uso. Deni lake limo ndani ya simu, limefungwa kwa namba ya siri ambayo pengine hata mkewe haijui. Jamaa atasimama mbele ya jeneza atangaze, na mdai hatakuwa safuni. Hatabusu kama Ukasha, wala hatasamehe. Kama kauli ya maziko itajifunza kumtaja mdai huyo, au kama wosia utaanza kumwambia mtoto alete simu badala ya wino, hilo ni jambo la kufuatiliwa na wanafunzi wa fasihi simulizi, hasa wale wanaotoka Kisauni kwenyewe, ambao husimama safuni na kuyasikia maneno haya bila ya kuyaandika. Nyosia za akina mama na kauli za wenye maziko zikusanywe kama zilivyokusanywa tenzi, kwa lahaja zake na kwa idhini ya wenyewe. Waliozitamka vizuri zaidi wengi ni wazee.